Miguu ya Korongo wa Pili

Karatasi ya kaboni ina harufu yake. Si ya wino wala ya mafuta ya taa, ni kitu kilicho katikati ya hivyo viwili, na sisi tulioshika kalamu kabla ya kushika simu tunaitambua hata tukiwa tumefumba macho. Wiki iliyopita niliingia katika duka moja la vifaa vya shule pale Kamembe kununua bahasha. Muuzaji alivuta droo akitafuta mkasi, na harufu ile ikatoka nje, ikanikuta nimesimama mbele ya meza. Nikasahau bahasha. Mimi mtu mzima, mwenye funguo za nyumba yake mkobani, nikajikuta nimeficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayengoja kukaguliwa kucha.

Nyumba yetu ilikuwa Gihundwe, juu kidogo ya barabara, na ukikaa kizingitini uliweza kuona kipande cha ziwa katikati ya mapaa mawili. Baba alifariki kabla sijajua kutembea. Maman alivuka daraja la Ruzizi kila asubuhi na beseni la nyanya kichwani, kwenda kuuza Bukavu, mji aliozaliwa na kukulia kabla ya kuhamia Rwanda. Alirejea jua likikaribia kuzama, miguu imejaa vumbi la nchi mbili. Aliyebaki nami mchana kutwa ni mdogo wake, Tantine Faida. Ndiye aliyenisuka, akanifundisha kuchambua maharage, akanipeleka shule akinivuta kwa kidole kimoja tu, kidole cha shahada, kwa sababu mkono mzima ulikuwa mkubwa mno kwangu. Nililala ubavuni mwake. Nilijua pumzi yake ya kulala na pumzi yake ya kujifanya amelala.

Juu ya kabati la chumba chetu kulikuwa na sanduku la kahawia, na ndani ya sanduku kulikuwa na shuka. Kwetu msichana huanza mapema kutarizi shuka atakaloolewa nalo. Sisi tunaita kufuma. Jirani mwenye mkono mwepesi anakuwekea mchoro: anatandika shuka jeupe mezani, juu yake kaboni, juu ya kaboni karatasi yenye picha, kisha anaifuata picha kwa kalamu iliyokwisha wino, akibonyeza. Akiondoa karatasi, picha imebaki kitambaani kwa mistari ya buluu. Baada ya hapo kazi ni yako na sindano yako, hata kama itakuchukua mwaka.

Shuka la Tantine lilikuwa na korongo wawili wenye taji, misambi, wakitazamana. Wa kwanza alikuwa amekamilika: taji la nyuzi za manjano, shingo ya kijivu, doa jekundu chini ya kidevu, miguu mirefu myeusi imekanyaga nyasi. Wa pili alikuwa na taji, shingo, na nusu ya tumbo. Kuanzia hapo alikuwa mistari mitupu. Siku ambazo Tantine alilishusha sanduku kuweka dawa ya mende, nilipata ruhusa ya kuifuata ile mistari kwa kidole: nusu ya tumbo iliyobaki, mkia, paja, goti, mguu mmoja umesimama, mguu mwingine umeinuliwa kidogo, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Niliijua kama nilivyojua njia ya kisimani.

Maman alikuwa na utani wake. Akirudi na kukuta Tantine amekaa, alisema:

"Faida, ile ndege yako ataota miguu lini?"

"Ataota tu," Tantine alijibu. "Anaangalia kwanza njia."

Wakacheka wote wawili, na mimi, niliyekuwa na miaka minane, nikaweka jambo hilo moyoni na kulifanyia kazi. Maana kulikuwa na Papa Anselme. Alikuwa mwanamume mrefu kutoka Bugarama, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga, na alikuja kwetu mara moja kwa mwezi na mfuko wa mchele, akakaa kwenye kiti cha wageni, akazungumza na Maman kuhusu mvua huku akimtazama Tantine. Kwa nini alikuja mara moja tu kwa mwezi? Kwa nini hakuwa anabaki? Nilitafakari, nikapata jibu: korongo wa kwanza ni Tantine, wa pili ni Papa Anselme, na Papa Anselme hawezi kuja moja kwa moja kumchukua kwa sababu hajashonewa miguu. Kwamba miguu yake niliiona, tena mirefu hata ikavuka chumba, hilo halikunisumbua. Niliitazama kwa mashaka tu. Miguu ile niliiona kama ya kuazima.

Basi usiulize nilihisi nini siku wazee wa pande mbili walipokaa, wakanywa, wakapanga tarehe ya harusi, na kesho yake Tantine akapanda kwenye stuli na kulishusha sanduku si kwa ajili ya dawa ya mende.

Koko alivuka kutoka Bukavu kuja kusimamia maandalizi. Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Maman na Tantine; mwanamke mfupi, mkavu, aliyetembea kana kwamba ardhi inamkawisha. Alilikunjua shuka kitandani, akalitazama, akapiga makofi mara moja.

"Faida! Tumbo nusu! Miguu hakuna! Unataka tupeleke iyi kwa bantu?"

"Nitamaliza, Koko," Tantine alisema. Wote tulimwita Koko, hata watoto wake.

"Utamaliza, utamaliza. Siku ya kutwikurura wifi zako watakunjua kila kitu. Banaangaliaka mupaka pindo. Wakikuta ndege kilema, watasema mwanamuke mwenye anaacha mambo katikati. Jina iyo utazeeka nayo."

Kutwikurura ni siku ambayo, baada ya harusi, familia ya bibi harusi inampelekea vyombo vyake kwa mume na kumfungulia rasmi mlango wa kutoka nje. Vitu hukunjuliwa mbele ya macho ya ukweni. Nililijua hilo. Nililojifunza siku ile ni sheria nyingine, aliyoitoa Koko akinielekezea kidole mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai.

"We, toka apo na ile chai. Shuka ya kaboni haifuliwake mbele ya kumaliza. Ukitia maji, muchoro inaenda. Unasikia? Inaenda, hairudiake."

Nikasikia.

Kuanzia siku hiyo Tantine alishona kila alasiri kizingitini, mwanga wa ziwa ukimjia magotini. Kazi yangu ilikuwa kumtungia sindano. Nilikaa kwenye ngazi ya chini, nikilamba ncha ya uzi, nikiuingiza tunduni, nikimkabidhi. Kila sindano niliyomtungia ilikuwa hatua moja ya kuondoka kwake, na ni mimi niliyekuwa ninaitunga. Tumbo likajaa. Mkia ukaanguka vizuri nyuma. Nilijaribu kutunga polepole. Akaniuliza kama macho yananiuma. Nilificha uzi wa kijivu chini ya godoro. Akaagiza mwingine. Papa Anselme akaja mara mbili ndani ya wiki moja. Unaona? Tumbo tu limekwisha na tayari anakuja mara mbili.

Siku moja Tantine alikata uzi kwa meno, akalinyoosha shuka mbele yake, akasema, "Bon. Imebakia miguu." Uzi mweusi haukuwepo. Kesho yake asubuhi, siku ya mapumziko ya shule, yeye na Koko walitoka kwenda sokoni Kamembe kuutafuta, na kupitia kwa fundi wa viatu. Walikawia kidogo mlangoni kwa sababu jirani yetu Mama Devota alikuja kuomba chumvi. Ndiye aliyekuwa ameliwekea shuka lile mchoro, miaka iliyopita. Akapewa chumvi yake, akaenda. Nao wakaenda. Nikabaki na nyumba.

Sikukimbia. Hilo ndilo linaloniogopesha ninapokumbuka: utulivu wangu. Nilichukua beseni dogo, maji ya jagi, kipande cha sabuni ya buluu. Nikalikunjua shuka, nikatafuta ile pembe, nikaizamisha peke yake, sehemu iliyobaki ya shuka nimeikusanya mapajani isiguse chini. Mwanzoni haikuondoka. Nikapaka sabuni, nikasugua kwa ncha za vidole. Mistari ikavimba, ikawa mipana, ikageuka wingu. Goti likaenda. Mguu ulioinuliwa ukaenda. Vidole vitatu mbele na kimoja nyuma vikaenda, na maji ya beseni yakawa rangi ya anga kabla ya mvua. Harufu ya kaboni ikapanda pamoja na ya sabuni hadi nikaihisi kooni.

Nilitegemea kufurahi. Badala yake nikasikia nyumba nzima imenyamaza kunitazama.

Nililikausha shuka juu ya bati la jiko lililokuwa nyuma ya nyumba, paa fupi ambalo mtoto aliweza kulifikia akisimama kwenye tofali. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa. Nilisimama juu ya tofali langu nikiombea jua, kiganja kimoja juu ya kitambaa, kiganja kingine juu ya bati linaloniunguza, na kila pikipiki iliyopanda kilima niliidhani imewabeba wao. Jua likavumilia. Nikalikunja shuka lingali na unyevu kidogo katikati, nikalirudisha sandukuni, nikamwaga maji migombani. Kisha nikatazama vidole vyangu. Chini ya kucha, zote kumi, kulikuwa na buluu.

Niliviosha. Nilivisugua kwa jivu, kwa mchanga, kwa jani la mgomba. Buluu ilipungua lakini haikutoka.

Alasiri ile Tantine alikaa mahali pake. Nilimtungia sindano ya uzi mweusi, na kwa mara ya kwanza nikaitunga kwa jaribio moja. Akakunjua shuka magotini. Akaligeuza. Akaligeuza tena, akidhani ameshika pembe nyingine. Alilinyanyua hadi usoni, kwenye mwanga.

"Koko," akaita, sauti yake ikiwa ndogo. "Kuya uangalie. Miguu iko wapi?"

Koko alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Akaangalia. Hakuuliza swali hata moja. Alikwenda moja kwa moja uani na kupaza sauti juu ya ua wa miti.

"Devota! Mama Devota! Kuya uone kazi yako!"

Mama Devota akaja, mwanamke mnene, mpole, aliyecheka kabla ya kujua anachekea nini. Kicheko kilimwisha alipoona shuka.

"Kaboni yako ya bei ya bure," Koko alisema. "Imekimbia yenyewe."

"Kaboni yangu? Koko, Gihundwe yote banafuma na kaboni yangu. Hakuna mwenye alishaga kulalamika." Akaishika ile pembe, akaipeleka puani. "Iyi inanuka sabuni."

"Ati nini?"

"Sabuni. Nusa. Muntu amefua."

"Muntu gani? Apa kwetu nani anaweza kufua shuka ya kaboni? Kila muntu anajua." Nikaona wazo likimjia Koko, nikaliona likichagua njia mbaya. "Asubuhi we njo ulikuwa apa. Chumvi. Ulikuja kuomba chumvi, ukaona tunatoka."

"Koko!" Tantine alisema.

"Ninauliza tu. Binti yake aliolewa Kigali bila siye hata kuonja sherehe. Labda roho inamuuma."

Mama Devota hakupiga kelele. Aliliweka shuka magotini mwa Tantine kwa uangalifu, akalinyoosha hata pale lilipokunjika.

"Faida, mi nilikuchorea iyi ndege ukiwa ungali musichana, sikukuomba kitu. Leo ninaitwa muchawi kwa juu ya chumvi." Akageuka kwa Koko. "Mutafute mwengine wa kuwachorea miguu."

Akaondoka. Nilikuwa nimekaa ngazi ya chini, mikono nimeikalia. Nilipoinua macho, Tantine alikuwa ananitazama. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama mapaja yangu, mahali ambapo mikono ilitakiwa kuwa na haikuwepo. Kisha akatazama ziwa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Shuka lilirudi sandukuni na sindano imechomekwa kwenye tumbo la korongo. Maman, aliporudi na kusimuliwa, alisema atanunua shuka lililoshonwa tayari Bukavu. Koko akamjibu kwamba ukweni watajua, kwamba mashine ina mkono wake na mwanamke ana wake. Zilibaki siku kumi hadi harusi. Upande wa pili wa ua Mama Devota alikuwa akipita bila kusalimu, na nilipokutana naye njiani, mwanamke huyu aliyekuwa akinipa kila mara kipande cha muwa, alipita kando yangu kama anayeepuka dimbwi. Tantine alinisuka kama kawaida. Mikono yake kichwani kwangu haikuvuta zaidi wala kidogo kuliko siku zote, na hilo lilinitesa. Usiku nilisikiliza pumzi yake. Ilikuwa ile ya kujifanya.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Koko akiwa amelala kidogo, Tantine aliniita nyuma ya jiko, kwenye tofali langu.

"Leta mikono."

Nikaitoa. Akaikamata, akageuza vidole kimoja kimoja kwenye jua. Buluu ilikuwa imebaki kama uzi mwembamba kwenye mizizi ya kucha.

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo mwingi, lakini swali lake lilikuwa fupi mno, hapakuwa na mahali pa kuupitishia. "Ukimaliza miguu, utaenda," nikasema. "Yule ni Papa Anselme. Ukimupa miguu, atakuja kukuchukua."

Nilidhani atacheka. Watu wazima walicheka mambo kama hayo. Uso wake haukucheka.

"Anselme iko na miguu tangu zamani, sheri," alisema. "Nilipoanza iyi shuka sikumujua bado. Ile ndege haina jina. Ni ndege tu." Akaingia ndani, akarudi na shuka, akalitandika juu ya bati, akaweka kidole changu kwenye tumbo la korongo wa pili. "Sikia apa. Uzi wa zamani, umelala. Sasa apa: uzi mupya, ungali unasimama. Unasikia mupaka wake? Njo mahali nilikuwa nimefika siku Maman yako aliingia, we mugongoni, beseni mukononi. Akaniambia: nishikie mutoto kidogo, ninarudi sasa hivi. Nikachomoa sindano juu isikuchome. Nikaiweka mbali. Ile kidogo njo iyi, miaka yote. Sikuigusa tena. Ulikuwa unashikaka kila kitu."

Nilikuwa ninalia tayari, lakini kimya, nisimwamshe Koko.

"Sikukukasirikia juu ya ndege," akasema, na sasa sauti yake ikawa ngumu, sauti ambayo sikuwahi kupewa. "Nimekasirika juu ya Mama Devota. Ulisikia anaitwa muchawi, ukakalia mikono. Utaenda kumuambia. Peke yako. Mulango yake unaijua."

Nilitembea hatua zile arobaini kama anayevuka daraja lisilo na kingo. Mama Devota alikuwa uani akipepeta mtama. Nikasema. Nadhani nilisema.

"Ati?"

Nikarudia.

"Sema nguvu! Koko yako alinitukana na sauti kubwa, Gihundwe yote ikasikia. We unakuja kuniomba musamaha na sauti ya panya?"

Basi nikapiga kelele. Nilisimama katikati ya ua wa watu nikapaza sauti hadi kuku wakatawanyika: ni mimi niliyefua, ni mimi, si Mama Devota, niliosha miguu kwa sabuni, ni mimi. Upande wa pili wa ua nikasikia kitanda cha Koko kikilia. Mama Devota aliweka ungo chini.

"Sasa umesema," akasema.

Tulirudi pamoja. Koko alikuwa mlangoni na kifimbo alichokuwa amekivunja kwenye ua. Tantine akasimama mbele yangu.

"Mumuache, Koko. Ile mikono tunaihitaji."

Koko alimtazama binti yake, akamtazama jirani. Hakuwa mtu aliyejua kuomba msamaha, sijawahi kumsikia. Alitupa kifimbo, akavuta stuli iliyo nzuri kuliko zote, akaifuta kwa kitenge chake mwenyewe, mara mbili, akaisukuma hadi miguuni kwa Mama Devota. Mama Devota akaitazama stuli kwa muda. Kisha akakaa, na stuli ikalia, na wote wakasikia kwamba ugomvi umekwisha.

"Lakini kuchora siwezi," akasema. "Ile karatasi ya picha ilienda na binti yangu Kigali. Kichwani sina. Ile ndege iko kwa kichwa ya muntu moja tu apa." Akanigeukia. "Mwenye kufuta, achore."

Walinitandikia shuka mezani, wakanipa penseli. Wanawake watatu wakasimama kunizunguka. Kitambaa kilikuwa cheupe sana. Nilifumba macho, nikapitisha kidole, na mistari ikanijia yenyewe: paja, goti, mguu uliosimama. Nikaanza. Goti likatoka sawa. Nikasikia Mama Devota akivuta pumzi. Nikashuka hadi kwenye nyayo. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Nilijua vilivyokuwa. Mbele ilikuwa upande wa korongo mwenzake.

Nikaweka vitatu nyuma, na kimoja mbele. Miguu yote miwili.

Ningependa kusema mkono uliteleza. Haukuteleza.

"Ee!" Koko alisema. "Nyayo zinaangalia nyuma! Uyu mutoto! Lete mukate tufute." Kitonge laini cha mkate hufuta penseli, tayari alikuwa ananyoosha mkono kwenye kikapu. Tantine aliinama juu ya meza. Alitazama nyayo zile kwa muda ambao hadi leo sijui urefu wake, nami nikimtazama yeye. Kisha akachomoa sindano kwenye tumbo la korongo, uzi mweusi ukiwa bado tunduni, ule ule niliotunga kwa jaribio moja, na akaanza kushona. Hakuanzia gotini, kama inavyotakiwa. Alianzia vidoleni.

Koko akabaki na mkate mkononi. Mwishowe akaula.

Bugarama kuna joto linalokaa juu ya mtu kama mnyama. Siku ya kutwikurura tuliteremka kwa gari la kukodi, vikapu na godoro juu, na hewa ikabadilika kuwa harufu ya mashamba ya mpunga na pumba. Tantine alikuwa ameketi mbele ya wageni, macho chini, midomo imefungwa, kama bibi harusi anavyopaswa. Sikuruhusiwa kumsogelea. Dada zake Papa Anselme walikunjua vitu kimoja kimoja: mataulo, vikombe, vitambaa vya meza. Halafu shuka. Wawili walilishika pembe, wakalirusha wazi, na korongo wawili wakasimama mbele ya ukumbi wote.

"Ni kazi nzuri," alisema mkubwa wao, mwenye miwani. Akasogea. Akainama. "Lakini uyu wa pili... mbona kichwa inaangalia huku, miguu inaenda kule? Uyu anaenda wapi?"

Mtu akacheka nyuma. Kicheko kikaanza kutambaa kiti hadi kiti. Tantine hakuinua macho; hakuwa na ruhusa ya kujibu. Niliona tu kidole chake cha shahada kikijikunja juu ya goti. Nami nilijua kwamba jina ambalo Tantine angezeeka nalo ni mimi niliyelichora.

Koko akasimama. Mfupi, mkavu, kitenge kimenyooka.

"Uyo iko na mutoto nyuma," akasema. "Anakuja kwenu, lakini atakuwa anarudiaka kumuangalia. Tunawaambia mapema, musishangae."

Kicheko kikakatika. Kisha yule mwenye miwani akageuza kichwa, akatafuta, akanipata kati ya magoti ya watu wazima, nimeficha mikono nyuma. Akalikunja shuka taratibu, nyayo zikiwa juu.

"Bon," akasema. "Kama ni vile, tutamupatia ruhusa."

Shuka lile sasa liko kwangu. Tantine alinipa mwenyewe, alipokuja mara moja kati ya mara nyingi alizokuja. Limefuliwa hata pamba imekuwa laini kama ngozi ya sikio. Penseli yangu ilikwenda na maji ya kwanza, nyuzi nyeusi zimebaki. Nilipotoka dukani siku ile bila bahasha, nililitoa kabatini, nikafumba macho, nikapitisha kidole tumboni mwa korongo wa pili. Kwa macho huwezi kuuona, rangi zimefanana zamani. Kwa kidole bado upo: mpaka mwembamba, kama kovu, pale ambapo siku moja mtu alichomoa sindano ili anipokee.